Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ni methali isemwayo sana mlangoni pa nyumba, na wengi huichukua kuwa neno la ukarimu na basi. Lakini wazee walioitunga walisema zaidi ya hayo. Siku ya mgeni ndiyo siku ya kitoweo. Mtoto aliyelala na muhogo mkavu jana hula wali leo kwa sababu mgeni amebisha hodi. Kwa hiyo methali yakiri jambo ambalo wenyeji wengi hawapendi kulikiri: kwamba mwenye nyumba naye ana haja, na kwamba mgeni, ijapokuwa aketishwa na kupewa maji ya kunawa, amekuja na dawa. Ikiwa ni hivyo, yafuata maswali mawili. Mwenyeji akisha kupona, ana deni gani kwa mgeni wake? Na kama hakupona, akachoka, akafunga mlango, mgeni aliyeacha kwao na kuja na mzigo kichwani adai nini, na kwa haki gani?

Maswali haya ni ya kale, lakini hapa nataka kuyauliza juu ya jambo la zama zetu, nalo ni kazi ya mafundi huru watungao programu za simu. Namwita fundi huru mtu mmoja, au watu wawili watatu walioungana, atungaye programu kwa mali yake na kwa saa zake, bila mshahara wa kampuni kubwa wala amri ya bwana. Mtaji wake ni miezi ya maisha yake. Fedha ikipotea yaweza kutafutwa tena. Mwezi uliopita haurudi. Mtu wa namna hii anapoitwa na kampuni iliyotoa mfumo mpya wa simu aje atunge programu kwa ajili ya mfumo huo, huitwa kwa maneno matamu. Je, kuna wajibu gani nyuma ya maneno hayo? Je, ni biashara tupu, au ni ahadi?

Kwanza yafaa tuelewe kwa nini huitwa. Simu ya siku hizi si chombo cha kusemea tu. Thamani yake imo katika programu zinazowekwa ndani yake: ya kutuma fedha, ya kusoma habari, ya kupima njia, ya kufundishia mtoto hesabu. Mfumo mpya usio na programu ni soko lililojengwa vizuri, likapakwa chokaa, likafagiliwa, lakini meza zote ni tupu. Wanunuzi hawaji kwa sababu wauzaji hawapo; wauzaji hawaji kwa sababu wanunuzi hawapo. Kila upande wamngoja mwenzake, na soko laota majani. Mwenye mfumo hana budi kuuvunja mduara huu, na hawezi kuuvunja peke yake, maana hakuna kampuni, hata iwe na mali kiasi gani, iwezayo kujua na kutimiza kila haja ya kila mtu. Makampuni makubwa ya programu nayo hungoja. Hutazama kwanza kama mfumo utashika mizizi, au hutaka walipwe kabla ya kuja. Anayekuja mapema ni fundi huru, kwa kuwa mahali papya ndipo penye nafasi kwa mtu asiye na jina. Basi yeye ndiye mgeni wa kwanza, na mwenyeji hupona kwa mkono wake.

Historia ya karibu yaonyesha haya wazi. Kampuni ya Apple ya Marekani ilifungua duka lake la programu tarehe 10 Julai mwaka 2008, likiwa na programu zipatazo 500, kwa masharti kwamba fundi atabaki na asilimia 70 ya bei na mwenye duka atachukua asilimia 30. Kampuni ya Google nayo ilitangaza mwaka 2007 kwamba imetenga dola milioni 10 za zawadi kwa watungaji bora wa programu za Android, wakati ambapo hapakuwa na simu hata moja ya mfumo huo madukani. Simu ya kwanza ilianza kuuzwa mwezi wa Oktoba mwaka 2008. Mifumo hiyo miwili ndiyo iliyoenea dunia nzima. Ilijengwa na wenyewe, ndiyo. Lakini ilijazwa na wageni.

Msaada wa mwenye mfumo kwa fundi ni wa namna nyingi. Upo msaada wa zana, yaani vyombo vya kutungia na kujaribia kazi. Upo msaada wa elimu, yaani maelezo yaliyo wazi na mtu wa kujibu swali. Upo msaada wa soko, yaani kuiweka kazi ya mtu mdogo mahali ambapo jicho la mnunuzi laweza kuiona. Upo msaada wa fedha. Na upo msaada wa mwisho, usiogharimu senti na ulio adimu kuliko yote, nao ni neno la kweli. Katika hii mitano, watu hushangilia sana ule wa fedha. Mimi naona wataka kupimwa kwa uangalifu, kwa sababu fedha yaweza kumwinua fundi, na yaweza pia kumharibu.

Tuangalie mfano wa BlackBerry. Mwaka 2012 kampuni ya Kanada iliyoitwa Research In Motion ilikuwa ikitayarisha mfumo mpya, BlackBerry 10, ili kurudisha soko lililokuwa likiiponyoka. Mwezi wa Mei mwaka huo iliwaahidi mafundi kwamba yeyote ambaye programu yake itapimwa na kukubaliwa kwa ubora, kisha ikauzwa kwa dola zisizopungua 1,000 katika mwaka wa kwanza, atajaliziwa mapato yake mpaka yatimie dola 10,000. Ahadi hiyo ilikuwa na busara ndani yake. Haikumlipa mtu kwa kuja tu. Ilimtaka kwanza aonyeshe kazi njema na wanunuzi wachache wa kweli, ndipo ikamkinga na hasara ya ugeni. Ni kama mtu anayemwambia mkulima, panda, palilia, na mvua ikiwa haba nitakufidia. Hakumwambia, lala, nami nitakuletea chakula.

Lakini kampuni ile ile, mwezi wa Januari mwaka 2013, siku chache kabla ya kutoa simu zake, iliwaita mafundi wahamishe programu zao kwa haraka, na ikaahidi dola 100 kwa kila programu itakayokubaliwa. Kwa mwisho wa juma mmoja zililetwa programu zipatazo 15,000. Miezi michache baadaye, katika mwezi wa Machi, kampuni ya Microsoft nayo iliahidi dola 100 kwa kila programu mpya ya mifumo yake, mpaka dola 2,000 kwa mtu mmoja. Ni rahisi kuona matunda ya malipo ya namna hii. Ukimlipa mtu kwa idadi atakupa idadi. Katika mwaka huo huo wa 2013 ilifahamika kwamba katika duka la BlackBerry, lililokuwa na programu zipatazo 120,000, programu zaidi ya 47,000 zilitoka kwa mtungaji mmoja tu. Meza za soko zilijaa, lakini mnunuzi aliyeingia na kikapu hakupata alichokuja kukitafuta. Na fundi aliyekaa miezi sita akichonga kazi moja, akaona kazi yake imefukiwa chini ya lundo la makapi, hakusaidiwa na fedha ile, alidhuriwa nayo.

Hapa tupate fundisho la kwanza. Kumsaidia fundi si sawa na kununua hesabu ya mafundi. Anayemsaidia mtu hutazama mtu atakuwa nani baada ya msaada. Anayenunua hesabu hutazama atakachotangaza kesho. Mmoja hupanda mti na mwingine huchomeka matawi mabichi ardhini ili wapita njia wadhani pana shamba. Kwa siku mbili tatu yote mawili ni kijani kibichi.

Sasa tuje kwenye swali gumu zaidi. Tuseme mwenye mfumo alisaidia kwa nia njema, zana akatoa, elimu akatoa, na mafundi wakaja. Kisha mambo yakamwendea vibaya akaamua kufunga. Je, ana deni?

Mfano wake ni webOS. Mfumo huu ulitolewa na kampuni ya Palm katika simu ya Pre mwezi wa Juni mwaka 2009, na wengi waliojua kazi hiyo waliusifu kwa uzuri wa utengenezaji wake. Mwaka 2010 kampuni ya HP iliinunua Palm kwa dola zipatazo bilioni 1.2, ikasema itaukuza mfumo ule. Tarehe 1 Julai mwaka 2011 ilianza kuuza kibao chake kilichoitwa TouchPad. Tarehe 18 Agosti ya mwaka huo huo ikatangaza kwamba itaacha kutengeneza vyombo vya webOS. Kati ya kufungua na kufunga zilipita siku 48. Kuna miti ya mboga isiyokua kwa muda huo. Fundi aliyekuwa amefanya kazi mwaka mzima kujitayarisha kwa chombo kile alijikuta ameshika ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Msomaji ataniambia, biashara ni biashara. Fundi ni mtu mzima. Alijua kuwa mfumo mpya waweza kufa. Hapana mkataba uliovunjwa. Na aliyefunga naye alipata hasara kubwa kupita ya fundi. Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba mwenye mfumo hawezi kudaiwa faida ambayo yeye mwenyewe hakuipata. Ni kweli pia kwamba kumlazimisha mtu aendeleze kitu kilichokufa ni kumfunga maiti mgongoni. Kushindwa si dhambi, na dunia ambayo kila ajaribuye huadhibiwa akishindwa ni dunia isiyojaribu kitu.

Lakini hoja hii huchanganya hatari mbili zilizo mbali mbali. Mfanyabiashara wa pwani aliyepakia mzigo wake katika jahazi alikubali hatari ya bahari: upepo, mwamba, na wimbi. Akipotewa na mali kwa tufani hakumshtaki nahodha, maana bahari haina mkataba na mtu. Lakini hakukubali hatari ya nahodha ambaye amekwisha kata shauri moyoni kwamba hatasafiri, na bado asimama pwani akipokea mizigo na kuhesabu nauli. Hatari ya kwanza ni ya ulimwengu. Ya pili ni ya siri iliyomo ndani ya kifua cha mtu. Ya kwanza watu wawili huiona pamoja. Ya pili mmoja huiona na mwingine haioni. Hapo ndipo wajibu unapozaliwa. Sisemi kwamba HP au kampuni nyingine yoyote ilipokea mizigo hali imekwisha kata shauri. Yaliyomo vifuani mwa watu sina mizani ya kuyapima. Nasema kanuni tu: tangu saa mwenyeji anapojua kwamba mlango utafungwa, kila mgeni anayemkaribisha tena anamdanganya, hata kama hakutamka neno la uongo.

Basi wajibu wa kwanza wa mwenye mfumo ni ukweli wakati wa mwaliko, na ukweli unaoendelea baada ya mwaliko. Ahadi ni deni, walisema wazee. Na mwaliko ni ahadi iliyovaa nguo za harusi. Si lazima aahidi kwamba soko litasimama. Aseme ajuavyo: simu ngapi zimeuzwa, nchi gani zitapelekewa, masharti gani yatabadilika na lini. Fundi akipewa hesabu ya kweli, akachagua kuja, hasara yake ni yake. Akipewa ngoma na vigelegele mahali pa hesabu, basi sehemu ya hasara ni ya mpiga ngoma.

Afrika ya Mashariki haikuwa mbali na mambo haya. Mwaka 2010 kampuni ya Virtual City ya Nairobi ilishinda shindano la Nokia lililokuwa na uwekezaji wa dola milioni 1 kwa watungaji wa nchi zinazoendelea. Mwaka huo huo kilifunguliwa Nairobi kituo cha iHub, na mwaka 2011 kikaanzishwa m:lab East Africa, ambacho serikali ya Finland na Nokia zilikuwa miongoni mwa wafadhili wake, ili kuwafundisha na kuwakuza watungaji wa programu za simu. Huo ulikuwa msaada wa kweli, na wapo waliopata maarifa ambayo hayawezi kunyang'anywa. Hata hivyo tarehe 11 Februari mwaka 2011 Nokia ilitangaza kwamba itauacha mfumo wake wa Symbian na kufuata Windows Phone wa Microsoft. Programu za Symbian hazikuweza kufanya kazi katika mfumo ule mwingine. Ilibidi zitungwe upya. Tangu tarehe 1 Januari mwaka 2014 duka la Nokia likaacha kupokea programu mpya za Symbian au marekebisho ya zile za zamani. Na Windows Phone wenyewe haukudumu, na mrithi wake ulifika mwisho wa matunzo yake mwezi wa Januari mwaka 2020. Fundi aliyetii kila mwaliko alihama mara mbili, na mara zote mbili nyumba aliyohamia ilibomolewa.

Hali ya fundi huyu watu wa Mombasa waielewa bila kufasiriwa. Katika mitaa yao mingi mtu humiliki nyumba bila kumiliki kiwanja: ukuta ni wake, paa ni lake, mlango ni wake, lakini ardhi iliyo chini ni ya mwingine, naye humlipa kodi. Programu ni nyumba ya namna hiyo. Fundi huimiliki kwa sheria na kwa jasho, lakini haiwezi kusimama hewani. Mwenye kiwanja akipandisha kodi, au akihamisha mpaka, au akiuza, nyumba hutetemeka. Hata hivyo mwenye kiwanja asidhani kwamba nyumba ile ni neema yake tupu. Kiwanja kilikuwa kichaka. Kiliitwa mtaa siku watu walipojenga. Thamani yake ilipandishwa na mikono ya wapangaji. Kodi ni haki yake, lakini kusahau asili ya thamani ni dhuluma.

Kutoka hapa tunapata wajibu wa pili, nao ni sheria moja kwa mkubwa na mdogo. Mwaka 2020 kamati ya Bunge la Marekani ilitoa hati zilizoonyesha kwamba mwaka 2016 Apple iliafikiana na Amazon kuchukua asilimia 15 tu katika malipo ya wanachama wapya waliojiandikisha kupitia programu yake ya sinema, hali sheria ya kawaida ilikuwa asilimia 30 kwa mwaka wa kwanza. Mwaka 2021 asilimia 15 ikatolewa pia kwa watungaji wadogo wenye mapato yasiyozidi dola milioni 1 kwa mwaka. Jambo la pili ni jema na lastahili sifa. Lakini tazama mpangilio wa miaka. Mwenye nguvu alikaa mezani akapatana; mdogo alingoja miaka minne zaidi. Katika soko la haki ingekuwa kinyume, maana asilimia 15 kwa kampuni tajiri ni tarakimu katika daftari, na kwa fundi huru ni kodi ya chumba au ni mwezi mmoja zaidi wa kufanya kazi bila kukata tamaa.

Yupo atakayepinga kwa njia nyingine, aseme kwamba msaada wote huu wamdhoofisha fundi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mpe leo dola, kesho atakaa akingoja dola. Napokea methali, lakini naomba itumiwe mahali pake. Msaada wa kumbeba mtu humnyima miguu; msaada wa kufyeka njia humwacha atembee mwenyewe. Maelezo yaliyo wazi hayajamfanya mtu mvivu. Zana njema hazijamfanya seremala asijue kuchonga. Na kujitegemea, neno ambalo nchi zetu zimelisema sana, halina maana ya kuachwa pekee porini. Maana yake ni kwamba baada ya kushikwa mkono mtu aweza kusimama hata aliyemshika akiondoka.

Neno hilo la kuondoka ndilo linalonileta kwenye wajibu wa tatu, ambao naona ndio mkubwa kuliko yote. Msaada bora ni ule unaomwachia anayesaidiwa uhuru wa kwenda zake. Mwenyeji mwema humwonyesha mgeni pa kulala, na humwonyesha pia ulipo mlango wa nje. Linganisha mifano miwili. Shirika la Mozilla lilianza kutoa mfumo wake wa Firefox OS katika simu zilizouzwa Hispania mwezi wa Julai mwaka 2013. Liliwapa simu bure mafundi waliokubali kuleta kazi zao. Mwezi wa Desemba mwaka 2015 likatangaza kwamba litaacha kutoa simu hizo kupitia makampuni ya simu. Kwa kipimo cha soko, lilishindwa kama wenzake. Lakini programu za mfumo huo zilitungwa kwa lugha zile zile zitumiwazo katika kurasa za intaneti, lugha zisizo mali ya mtu mmoja. Fundi aliyekuwa amejifunza na kutunga kwa ajili ya Firefox OS alipofungiwa mlango aliondoka na elimu yake, na sehemu kubwa ya kazi yake ikamfuata. Tena, kwa kuwa chimbuko la mfumo lilikuwa wazi kwa wote, wengine waliliokota wakalifanya KaiOS, mfumo wa simu za bei nafuu. Na Tanzania ikaona simu ya Smart Kitochi iliyouzwa na Vodacom ikiendeshwa nao. Mwenyeji alikufa, lakini wageni walirithi.

Hata webOS haukukosa heri hii kabisa. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 HP ilitangaza kwamba itaufungua mfumo ule ili yeyote aweze kuusoma na kuuendeleza, na baadaye ukanunuliwa na LG, ukaingia katika televisheni. Hii haikurudisha miezi ya mafundi, lakini ilikuwa ni kufunga nyumba kwa adabu kuliko kuichoma moto. Mfumo uliofungwa kwa kufuli, ambao zana zake, lugha yake na duka lake havifai kitu nje ya ua wa mwenyewe, humfanya fundi kuwa mateka siku ya neema na yatima siku ya msiba. Kwa hiyo kijana anayealikwa asiulize tu, nitapewa nini nikija? Aulize, nitaondoka na nini nikitoka?

Nimesema sana juu ya wajibu wa mwenyeji. Haitakuwa haki nikinyamaza juu ya mgeni, maana mgeni naye ana adabu yake. Fundi aliyepokea zana na fedha za kutungia kazi njema, akatunga makapi, amekula haki ya mwenyeji na ya wageni wenzake. Tena kuna deni ambalo wengi hawalioni. Fundi mwenyewe ni mwenyeji. Mama muuza samaki aliyeweka hesabu za wadeni wake katika programu ya fundi, mwanafunzi aliyeweka humo maandishi yake ya miaka mitatu, hao ni wageni wake; nao pia wamejenga katika kiwanja kisicho chao. Akiichoka kazi yake akaiacha iharibike bila kuwaambia na bila kuwapa njia ya kuchukua vitu vyao, amewafanyia yale yale aliyoyalalamikia alipofanyiwa na wakubwa. Mnyororo wa haki hauanzi kwa tajiri ukaishia kwa maskini. Kila mtu ni pete, juu yake ameshikwa na chini yake ameshika. Anayedai ukweli, sheria moja na mlango wa kutokea, awape wengine ukweli, sheria moja na mlango wa kutokea.

Na sisi tusomao na kufundisha katika vyuo vikuu tuna fungu letu. Mifumo mipya haijaisha kuzaliwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 kampuni ya Huawei ya China ilitoa HarmonyOS NEXT, mfumo usioendesha programu za Android, na kwa hiyo wenye kuhitaji mafundi wa kuujaza upya. Miito ya namna hii itasikika tena, na vijana wetu watakuwa miongoni mwa waitwao. Wengi wao wamefundishwa kutunga. Wachache wamefundishwa kusoma masharti. Wamefundishwa jinsi ya kushinda shindano. Hawakufundishwa kuuliza mwandaaji ana haja gani. Mtu asiyejua haja ya aliyemwita hujiona ombaomba mahali ambapo yeye ni tabibu, na hupokea kwa shukrani kilicho ujira wake. Hii ndiyo hasara iliyo kubwa kuliko dola: kwamba fundi asijue thamani yake.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mwenye mfumo mpya ana wajibu wa kuwasaidia mafundi huru, najibu kwamba anao, wala si kwa njia ya sadaka. Hadaiwi faida, hadaiwi uhai wa milele, hadaiwi kumbeba mtu mgongoni. Adaiwa aseme kweli anapoita, apime kwa kibaba kimoja walio wakubwa na walio wadogo, na aache mlango wa kutokea ambao mtu aweza kuupita na mzigo wake mzima. Mambo haya matatu hayatamlinda fundi na kila hasara. Bahari itabaki bahari. Lakini yatamwezesha, hasara ikija, kuijua kuwa ni hasara na si hila. Na mtu aliyepata hasara hulala, akaamka, akaanza tena, lakini aliyetendwa kwa hila huamka akiwa na moyo mgumu na mlango wake mwenyewe ameufunga.